Uzi wa Kiuno

Tarehe 9 Septemba

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Ipokee kana kwamba nimepiga magoti, ingawa sakafu ya huku ina baridi na magoti yangu yameshaikataa.

Nimefika salama. Uwanja wa ndege mtu wa pasipoti alisoma karatasi zangu mara mbili, akaniuliza, "Umekuja kusomea upimaji wa ardhi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ardhi yetu ilishapimwa." Nikamwambia nimekuja kujifunza tu, nikapime ya kwetu. Akagonga mhuri bila kucheka, na mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Chumba changu kina vitanda viwili, meza moja, kabati lisilofunga na dirisha linalotazama ukuta wa matofali. Mwenzangu wa chumbani anasomea uuguzi. Siku ya kwanza alinipa mkono, akavaa vidude vya kusikilizia muziki masikioni, na tangu hapo namfahamu zaidi kwa mgongo. Ndani ya ukuta kuna bomba la maji linalogonga kwa mpigo mmoja. Nikifumba macho nasikia cherehani yako.

Uzi wa kwanza huu hapa. Nimejipima asubuhi kabla sijala, kama ulivyoniagiza: fundo mwanzo, fundo mwisho. Mwenzangu aliponiona nikijizungushia uzi kiunoni alivua vidude vyake kwa mara ya kwanza.

"Unafanya nini?"

"Najipima."

"Kwa uzi? Na wewe ndiye unayesomea upimaji?"

Nikamweleza kwamba nimelelewa na shangazi yangu fundi cherehani, anayeishi nyumba moja na wazazi wangu, na kwamba ndani ya duka lake futi ya kupimia haijawahi kuvuka kizingiti. Kila mteja ana uzi wake umeningʼinia kwenye msumari wake. Alinitazama kama anayetafuta dalili za homa, akarudi kwenye muziki wake.

Nalala vizuri. Chakula kinalika. Wasalimie Baba na Mama.

Mwanao


Tarehe 30 Septemba

Mwanangu Swali,

Marahaba. Haya, inuka, usije ukaniletea ugonjwa wa magoti kutoka nchi za watu.

Huku wazima. Mama yako anakusalimu, anauliza kama koti linafunga mpaka shingoni. Baba yako ameupaka mlango wa mbele rangi ya kijani. Tangu uondoke hana wa kubishana naye, sasa anabishana na mlango. Jirani yetu Mke wa Kinyozi bado anakuja kila siku kujifunza kushona, na bado mdomo wake unakwenda mbio kuliko sindano. Nimemwambia angekuwa anashona kwa ulimi tungeshavalisha jeshi zima.

Uzi wako nimeupokea, nimeuweka kwenye msumari wako. Umezidi ule niliokupima siku ya kuagana, kwa unene wa kucha. Vizuri. Usisahau tulivyokubaliana: ukipungua vidole viwili, utanisikia. Ukipungua vitatu, unafunga sanduku unarudi nyumbani, na shahada ibaki hukohuko. Nilikulea wewe, sikulea shahada.

Baba yako ananiuliza kwa nini nakusumbua na barua wakati simu ipo. Nimemjibu kuwa kwenye simu kila mtu hajambo. Hata wewe ulipokuwa na surua ulisema hujambo. Uzi haujui kujikaza sauti.

Nakushonea sketi nzito ya huko kwenye baridi. Endelea kuleta vipimo, kila mwezi.

Shangazi yako


Tarehe 2 Novemba

Kwa Shangazi,

Shikamoo kutoka chini ya blanketi mbili.

Nafurahi kusikia habari za mlango. Mwambie Baba kijani hakifai, nione atafanya nini.

Nikueleze kazi tunayofanya, kwa sababu naamini ungeipenda. Tunapiga vigingi ardhini kuzunguka eneo. Unaanzia kigingi cha kwanza, unasimamisha chombo cha kupimia pembe juu ya miguu yake mitatu, unapima pembe na umbali mpaka kigingi cha pili, unahamia hapo, unapima mpaka cha tatu, hivyo hivyo mpaka urudi ulipoanzia. Kisha unakaa chini na hesabu zako. Miguu yako inajua kabisa kwamba umerudi palepale, lakini hesabu zinakuambia uko kando kidogo. Huo ukando ndio kosa lako. Likiwa dogo wanakukubalia. Likizidi, unarudia mzunguko mzima.

Mwalimu wetu tunamwita Bwana Nukta, kwa sababu hana sentensi ndefu. Wiki ijayo anatupa mtihani wa vitendo: vigingi kumi na kimoja kuzunguka bonde lililo nyuma ya chuo. Kigingi cha nne kiko juu ya kilima, na huko upepo una meno.

Uzi wa pili huu hapa.

Mwanao


Tarehe 8 Desemba

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu la barua ya Novemba. Labda iko njiani, labda posta wanasherehekea kitu.

Mimi sijambo. Mtihani ulifanyika. Matokeo bado. Theluji imeanguka, na kila kitu kimekuwa kimya kiasi kwamba bomba la ukutani ndilo linaloongea peke yake.

Uzi wa tatu huu hapa. Wasalimie wote.

Mwanao


Tarehe 14 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kukuchelewesha. Barua zako mbili nilizipata, kazi ndizo zilizonizidi. Usiushangae mwandiko huu, naandikia gotini kwa sababu meza imejaa sare za shule, huna hata pa kuweka kikombe.

Mlango sasa ni wa bluu. Aliyemchokoza baba yako ni wewe.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi. Ndani yake mna sketi yako, imeshonwa kwa kipimo ulicholeta.

Sasa tuongee. Jana nilizitoa nyuzi zako tatu kwenye msumari nikazitandaza mezani, moja kando ya nyingine. Zinalingana. Sisemi zinakaribiana, nasema zinalingana kama meno ya kitana. Nimepima viuno vya watu tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Mtu akila hupanuka, akifunga hupungua, akicheka kabla ya kupimwa anazidi, akilia usiku anapwaya. Hakuna aliye hai aliyewahi kunipa kipimo kimoja mara tatu. Maiti, ndiyo. Maiti hambadilishii fundi kipimo.

Kwa hiyo nakuuliza mara moja, na jibu nalitaka kwenye karatasi: nyuzi mbili za mwisho ulipima kiuno gani?

Shangazi yako


Tarehe 3 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Leo ni shikamoo ya mtu aliyesimama mlangoni hajui kama aingie.

Sikupima kiuno chochote. Kabla ya kukutumia uzi wa kwanza nilikata mwingine wa urefu uleule nikauweka kwenye kitabu. Sijui kwa nini. Nadhani nilishaanza kujihofia. Za Novemba na Desemba nilizikata kwa kufuatisha huo. Ilinichukua dakika moja kila mara, na kila mara nilifunga mafundo kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba uangalifu ungeufanya uongo uwe kazi.

Sasa kuna jambo lingine. Matokeo ya mtihani yalitoka tangu Novemba. Nilianguka.

Siku ile juu ya kilima, kwenye kigingi cha nne, upepo ulikuwa unakitikisa chombo mpaka miguu yake inalia. Vidole vilikufa. Nilisoma pembe mara ya kwanza, nikasoma mara ya pili ikaja nyingine kabisa, na ya tatu sikuisoma. Wenzangu walikuwa wameshafika bondeni, nawaona wadogo kama vifungo vya shati. Nikakaa nyuma ya jiwe nikapiga hesabu: pembe hii ingepaswa kuwa ngapi ili mzunguko ufunge? Nikaiandika hiyo.

Bwana Nukta alinirudishia daftari bila alama yoyote. Akaniambia, "Pembe kumi na moja. Jumla haina kosa. Mimi nimepima miaka thelathini, sijawahi kukosa kukosea. Umewezaje?"

Nikalifungua daftari palepale kwenye pembe ya nne.

"Kosa ndilo sahihi ya mpimaji," akasema. "Hapa hakuna mtu aliyetia sahihi."

Wamenipa nafasi moja. Theluji ikiyeyuka, katikati ya Aprili, nitarudia mzunguko ule ule. Nikishindwa ufadhili unakatika, wananikatia tiketi ya kurudi.

Barua yako iliponifikia na kuniambia jambo lile lile, niliisoma nimekaa kitandani nikahisi nyinyi wawili mmekaa mahali mkanijadili.

Leo nimejipima kweli. Uzi uliomo humu ndio mimi. Nimepungua vidole vitatu na nusu. Chakula cha huku si kibaya, ila nilikuficha kwamba mimi sikili. Huwa tu nafika ukumbi wa chakula, naona meza zimejaa watu wanaojuana, nageuka. Kwa makubaliano yetu natakiwa kufunga sanduku. Liko chini ya kitanda, nimelivuta mara mbili. Niliogopa mambo mawili yasiyoweza kukaa pamoja: kwamba ungeniita nyumbani, na kwamba ningekubali.

Amua. Nitatii.

Lakini na mimi nina swali, ndilo jina langu. Sketi ni nzuri, ingawa ikinizunguka zipu inakuja mbele. Nimeigeuza nikatazama ndani. Wewe ukimaliza mshono hufungi fundo. Unarudisha sindano mara tatu, unakata. Kwenye sketi hii kuna mafundo manane, makubwa kama mbegu za papai. Tena umeniandikia kwamba unaandikia gotini kwa sababu meza imejaa, halafu mistari michache chini unasema ulizitandaza nyuzi mezani.

Shangazi, nani ameshona sketi yangu?

Mwanao


Tarehe 26 Februari

Mwanangu Swali,

Marahaba. Ingia, mlango uko wazi. Ni wa kahawia sasa.

Nilicheka mpaka Mke wa Kinyozi akaja kuuliza kuna nini. Nimemsomea yale ya mbegu za papai. Amenuna siku nzima, nayo ilikuwa siku ya kwanza yenye utulivu dukani tangu Oktoba.

Yeye ndiye aliyeshona. Mwisho wa Oktoba nilipanda stuli nishushe kitambaa rafu ya juu. Stuli ikateguka mguu, nami nikaanguka juu ya mkono wa kulia. Mfupa ulivunjika karibu na kiganja. Nimekaa na plasta wiki tisa, na ilipotolewa mkono ulitoka mwembamba kama wa mtu mwingine. Barua iliyopita niliiandika kwa kushoto, ilinichukua siku nne. Sare za shule hakukuwa na hata moja. Wateja niliwaelekeza kwa mafundi wengine.

Sikukwambia kwa makusudi, na nikawaziba mdomo baba yako na mama yako. Unajua kwa nini? Barua yako ya Novemba ilikuwa na maneno mengi sana kuhusu vigingi na hata neno moja kuhusu wewe. Nikajua unatafuta sababu ya kurudi. Sababu mbaya ungeikataa mwenyewe, hiyo nakuamini. Lakini shangazi aliyevunjika mkono ni sababu nzuri, na sababu nzuri ndiyo inayoua safari. Ungerudi, ungenipikia, ungenifulia, na watu wangekusifu mpaka kaburini. Kwa hiyo nami nilifuatisha uzi wa zamani, kama wewe. Tumelingana, tusameheane.

Sasa uamuzi.

Makubaliano ya vidole vitatu niliyaweka mimi, leo nayafumua mimi. Hurudi. Fundi akikosea mshono hachomi nguo. Anatafuta mahali uzi ulipoanza kupotea, anafumua mpaka hapo tu, anaanza tena. Wewe uzi wako ulipotea kwenye kigingi cha nne. Rudi kwenye kigingi cha nne.

Na kuanzia leo usijipime. Mtu akijipima mwenyewe huvuta pumzi ndani au huachia tumbo, kutegemea anataka kumdanganya nani. Akupime huyo mwenzako wa chumbani. Anasomea uuguzi, aanze na wewe. Akishakuzungushia uzi hataweza tena kujifanya hakuoni, nawe hutaweza kujifanya huonekani. Kisha nendeni kula. Mkiwa wawili meza iliyojaa inapungua ukali.

Shangazi yako


Tarehe 19 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Ule mkono wa kulia usalimie peke yake.

Nianze na mwenzangu, kwa sababu bila yeye nisingefika kwenye mengine. Nilikaa na barua yako siku mbili kabla ya kumwomba. Nilipomnyooshea uzi alivua vidude vyake, akaniambia nisimame wima, nitoe pumzi yote. Akapima. Akapima tena. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu wa wodini, "Umekula nini leo?"

Nikasema chai.

"Na jana?"

Nikaanza kufikiria. "Basi usifikirie," akasema, "vaa viatu."

Tangu siku ile tunakula pamoja. Anaongea sana, Shangazi. Ukimya wote ule ulikuwa woga. Aliniambia tangu Septemba alikuwa anadhani mimi ndiye nisiyemtaka, kwa sababu kila jioni nilikuwa nimegeukia bomba la ukutani nimefumba macho.

Mtihani ulikuwa juzi. Mtahiniwa anaruhusiwa mtu mmoja wa kumshikia fimbo ya kulengea kwenye kigingi cha mbele. Nikamchukua yeye. Bwana Nukta alimtazama na koti lake la wodini, akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?" Mwenzangu akamjibu, "Ameshapona, ila tunamfuatilia."

Vigingi vitatu vya kwanza vilikwenda vizuri. Kwenye cha nne upepo ulikuwa uleule, unanisubiri. Nilisoma pembe mara ya kwanza. Ya pili ikaja nyingine. Ya tatu, nyingine tena. Mwili wangu wote ulikuwa unakumbuka lile jiwe. Nikaziandika zote tatu kama zilivyokuja, mbaya hivyo hivyo, nikampigia kelele mwenzangu akae chini apumzike, nami nikakaa karibu na chombo changu. Tulingoja karibu saa nzima. Upepo ulipotulia kidogo nikasoma mara nyingine tatu. Hazikulingana, lakini zilikaa karibu karibu, kama ndugu.

Tulirudi kigingi cha kwanza tukiwa wa mwisho kabisa kati ya waliorudia mtihani. Nikafanya hesabu mbele ya mwalimu. Bwana Nukta akauliza, "Kosa lako liko wapi?"

"Hili hapa, bwana. Sentimita mbili na nusu."

Linaloruhusiwa ni nne. Alilitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu changu chochote.

"Sasa nakuona," akasema. Akatia sahihi.

Ninabaki, Shangazi. Miaka miwili na nusu iliyosalia ni yangu.

Uzi uliomo humu umepimwa na muuguzi, na kikaratasi kilichofungwa kwenye fundo ni cha kwake, usinilaumu kwa kilichoandikwa. Bado nimepungua vidole viwili. Najua maana yake: nitakusikia. Nangoja kukusikia.

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Mwanangu Swali,

Marahaba, mara nyingi kuliko zilizoingia kwenye karatasi.

Barua yako aliisoma baba yako kwa sauti, tumekaa dukani sote, na alipofika kwenye sentimita mbili na nusu akasimama akauliza ni kubwa kiasi gani. Nikamwonyesha kifundo cha kidole. Akasema, "Bonde zima, halafu hicho tu?" Akatoka nje akiwa anajipangusa uso, anasema ni vumbi. Mama yako aliomba asomewe tena pale ulipokubali kula.

Kikaratasi cha muuguzi nimekisoma. Anasema unakula kama aliyetumwa. Mwambie namshukuru, na aniletee uzi wake, kuna msumari mtupu kando ya wako.

Vidole viwili nimeviona. Umenisikia sasa? Kula.

Mkono unarudi. Kifurushi hiki nimekishona mimi, gauni la kitambaa kile cha zambarau ulichokuwa unakitamani rafu ya juu, ndicho kilichoniangusha. Geuza utazame ndani, najua utatazama. Fundo hakuna. Mshono wa ubavu wa kushoto umepinda kidogo karibu na kwapa, hapo kidole gumba kiligoma. Mke wa Kinyozi alisema nifumue. Nimeuacha. Ni wangu.

Ndani ya mishono nimekuachia kitambaa cha akiba vidole vitatu kila upande, kwa maana utanenepa, tena utanenepa kwa furaha, ambayo ndiyo inayochukua nafasi kubwa zaidi.

Pindo la chini sikulimaliza. Nimelipiga bandi tu, uzi wa muda, lakini nimeurudia mara mbili, utakufikisha. Pindo halipimwi kwa uzi wala kwa barua. Mwenye nguo husimama juu, fundi hupiga magoti chini, anauliza, "Hapa? Au hapa?" Ukija na shahada yako tutalimaliza.

Stuli ile baba yako ameitia mguu mpya. Ameipaka kijani, akaipaka bluu, akaipaka kahawia, na jana amenunua kopo jingine. Tumepiga marufuku mtu yeyote kuipanda mpaka uje usimame juu yake wewe.

Shangazi yako